Sura ya Tisa: Aliyeingia Jumanne Hakutoka

Ngazi za jengo lile zilikuwa arobaini na nne, na Shangazi alikuwa amezihesabu kwa magoti yake. Hii ilikuwa safari ya tano tangu Ijumaa. Lifti ilikuwepo, naam, nayo ilikuwa na karatasi mlangoni iliyosema inatengenezwa, ila karatasi yenyewe ilishageuka rangi ya chai. Kwenye ngazi ya thelathini alisimama, akashika ukuta, akamlaani kimoyomoyo aliyebuni ghorofa, kisha akaendelea.

Cheo chake kilikuwa inspekta wa upelelezi, lakini kituoni kila mtu, wakubwa na mahabusu pia, alimwita Shangazi. Alikuwa na namna ya kuhoji kama shangazi anayemhoji mpwa aliyechelewa kurudi nyumbani: polepole, bila kelele, na haondoki mpaka amesikia alichokuja kusikia. Alibakiza miezi mitatu astaafu. Alikuwa amechoka, tena ule uchovu usioisha kwa kulala, na leo hakuwa na nguvu hata za kuuficha.

Kesi yenyewe ilieleweka hata na mtoto. Alhamisi iliyopita, jokofu la damu la hospitali hii liliharibika mchana. Jokofu lile lina kipimajoto kinachopeleka habari kwa waya wa mtandao hadi maabara, na joto likizidi, kengele inalia. Siku hiyo haikulia. Kioo cha maabara kiliganda kwenye nyuzi nne, namba ya asubuhi, na watu wakaendelea na shughuli zao. Saa kumi na mbili jioni mama mmoja aliyetoka kujifungua akaanza kutokwa damu. Walipofungua jokofu walikuta mifuko yote ni vuguvugu. Damu ya kuazima ilifika saa mbili usiku, na yule mama alikuwa amekata roho nusu saa kabla. Mumewe, fundi viatu, alikuwa bado anakuja kila asubuhi kukaa kwenye benchi la chini. Hamtukani mtu. Anasubiri kuambiwa.

Kengele haikulia kwa sababu kuna mtu aliuzima waya wa jokofu asubuhi, kwenye swichi. Na swichi, lile sanduku bapa lenye matundu ambamo nyaya zote za jengo huchomekwa, huandika kila linalofanywa ndani yake na jina la aliyelifanya. Jina lililoandikwa lilikuwa la Mama Pacha, fundi wa mtandao, na Mama Pacha alikuwa rumande tangu Ijumaa. Leo Jumatatu, saa nane mchana, angepandishwa mahakamani kwa kosa la kuua bila kukusudia. Sasa ilikuwa saa tano na robo asubuhi.

Shangazi alikuwa ametoka kumwona.

"Mimi hiyo Alhamisi nilikuwa chumba cha eksirei, nimepanda ngazi, kichwa kiko juu ya dari, navuta waya," Mama Pacha alimwambia, kwa mara ya tatu sasa.

"Nani alikuona?"

"Panya."

Wakacheka wote wawili, kidogo, kwa sababu hapakuwa na lingine la kufanya. Kisha uso wa Mama Pacha ukakunjamana.

"Wanangu, Shangazi. Hawajawahi kulala bila mimi."

"Wako kwa nani?"

"Kwa mama yangu. Kimya, mwenzangu wa kazini, ndiye anawapelekea maziwa kila siku. Hata sikumwomba. Mungu amzidishie."

Shangazi hakuandika hilo. Alilibeba tu kichwani akapanda nalo ngazi.

Chumba cha swichi kilikuwa mwisho wa korido, kidogo kama stoo, na baridi ya kiyoyozi kilichokuwa kikidondosha maji kwenye ndoo. Swichi zilipangwa kwenye fremu ya chuma, taa zake za kijani zikipepesa. Chini yake kulikuwa na meza, kiti kimoja chenye mto uliochanika, na kompyuta iliyounganishwa na swichi kwa waya wake wa pekee. Kwenye kiti alikaa Kimya, mwanamume wa miaka thelathini na mitano hivi, ambaye jina hilo alipewa na watu waliokwisha kata tamaa ya kumwongelesha. Mafundi walikuwa wawili tu, yeye na Mama Pacha. Wa tatu alihama, na wa kuziba pengo hakuletwa.

"Afande," alisema Kimya, akasimama kumpisha.

"Kaa wewe, uko kazini. Nitafutie ndoo nyingine nikae mimi."

Akaletewa boksi gumu. Akakaa, akavua kiatu kimoja bila kuomba ruhusa.

"Nionyeshe tena ule mstari."

Kimya aliuleta. Alhamisi, saa nne na dakika kumi na saba asubuhi. Mtumiaji, jina la Mama Pacha. Tundu namba kumi na tisa, limezimwa. Vijana wa kituo walipiga picha ya mstari huo Ijumaa, wakamkamata mtu, wakaenda kunywa soda.

"Amri hii ilitoka wapi? Mtu anaweza kuitoa akiwa kule eksirei?"

"Nyingine zinaweza kutoka kokote. Hii hapana." Kimya aligusa neno moja mwishoni mwa mstari. "Hii inasema ilitoka kwenye kompyuta hii hapa. Alikuwa humu ndani."

"Na mlango huu una funguo ngapi?"

"Mbili. Moja ya zamu. Ya pili anayo Mhandisi, mkuu wetu."

"Na wewe Alhamisi saa nne na dakika kumi na saba ulikuwa wapi? Maelezo yako yanasema ulikwenda kunywa chai."

"Ndivyo yanavyosema."

Shangazi alimtazama. Jibu lilikuwa fupi hata kwa mtu anayeitwa Kimya. Akaliacha.

"Haya. Nifundishe, mimi mambo haya nimeyasomea uzeeni. Mtu akitaka kuamrisha hili sanduku, si lazima kwanza aingie, kwa jina na nywila yake?"

"Lazima."

"Akiingia, linaandika?"

"Linaandika. Akiingia, akitoka, hata akikosea nywila."

"Basi nionyeshe alipoingia."

Mkono wa Kimya ulisita juu ya kibodi, kisha ukaanza kupandisha mistari. Alhamisi asubuhi hapakuwa na aliyeingia. Jumatano hapakuwa na kitu. Jumanne, Jumatatu, Jumapili, mistari ikapanda kwa mamia, na Shangazi akasogeza boksi karibu na kioo. Mwishowe mkono ukasimama.

"Hapa. Jumanne, siku tisa kabla. Ameingia saa mbili asubuhi."

"Akatoka lini?"

"Hajatoka."

"Mpaka Alhamisi?"

"Mpaka sasa hivi, Afande." Kimya hakuondoa macho kwenye kioo. "Hiki tunachokitazama, tunakitazama kwa jina lake."

Shangazi alilitafakari hilo. Mama Pacha alikuwa rumande, kwenye sakafu ya saruji, na wakati huohuo alikuwa hapa, ameingia, anafanya kazi. Alifungua faili lake na kuvuta karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa ruhusa ya dharura: pacha mmoja alilazwa wodi ya watoto kwa homa, Jumamosi na Jumapili, siku nne kabla ya tukio, na sahihi ya muuguzi wa zamu ilikuwepo.

"Jumapili hiyo kuna amri yoyote kwa jina lake?"

"Tatu."

"Na yeye yuko wodini na mtoto mapajani. Mwana wa watu ana mikono mirefu." Akakunja karatasi. "Kwa nini hamtoki, nyinyi?"

Kimya alisogeza ndoo ya kiyoyozi kwa mguu.

"Kila mtu akiingia, swichi inatuma tahadhari kwenye simu ya Mhandisi," alisema. "Ndivyo ilivyopangwa, kwa usalama. Waya ukikatika inatuma, mtu akiingia inatuma. Simu yake ikawa hailali. Akawa akipigiwa na tahadhari, anatupigia sisi. Mnaingia ingia nini humo, choo? Akasema mmoja aingie, wengine tutumie humohumo. Basi tukaita kurithi kiti. Ukimaliza zamu, unainuka, mwenzako anakaa, hakuna anayetoka."

"Kwa hiyo lile jina linalosomwa mahakamani leo saa nane ni la aliyekalia kiti wa kwanza."

"Ndiyo."

"Ungeniambia Ijumaa."

"Ijumaa hukuuliza."

Hapo Shangazi alipandwa na hasira ya kweli, kwa sababu ilikuwa kweli. Alivaa kiatu chake, akasimama, akainama mbele ya swichi ili apoe. Kila tundu lilikuwa na kibandiko kilichoandikwa kwa kalamu. La kumi na nane, famasi. La ishirini, televisheni ya mapokezi. La kumi na tisa lilibaki na alama ya gundi tu, kibandiko kilishaanguka siku nyingi. Akarudi kwenye boksi.

"Nisomee yaliyo kabla tu ya ile amri. Tangu asubuhi ya Alhamisi."

Ilikuwa mistari ya aina moja. Tundu kumi na tisa, limekatika. Limerudi. Limekatika. Waya wa jokofu ulikuwa umelegea upande wa maabara, na tangu saa tatu mpaka saa nne na robo ulikuwa umekatika na kurudi mara arobaini na mbili. Kisha ile amri. Kisha hakuna kitu.

"Mara arobaini na mbili," alisema Shangazi. "Na kila mara, tahadhari inakwenda kwenye simu. Mtu mmoja asubuhi hiyo alikuwa anatobolewa masikio. Niitie Mhandisi."

Mhandisi alikuja baada ya nusu saa, mtu mnene wa koti la kijivu, mwenye tabasamu la kukaribisha wageni asiowapenda.

"Inspekta, kwani hili jambo halijaisha? Nilidhani liko mahakamani."

"Likiisha utasikia nimekaa kwangu, miguu iko kwenye beseni. Alhamisi saa nne asubuhi ulikuwa wapi?"

"Kikao cha uongozi, ukumbi wa chini. Saa tatu mpaka saa sita. Waulize."

Shangazi alikuwa ameshawauliza Jumamosi. Sahihi yake ilikuwa kwenye orodha, na katibu aliapa kwamba hakuinuka hata kwenda haja. Ufunguo wa pili alikuwa nao mfukoni, huko huko ukumbini. Njia hiyo ilikuwa imefungwa, na alijua imefungwa hata kabla ya kuipita.

"Swichi zinakutumia tahadhari kwenye simu?"

"Zamani. Mwezi wa pili nikazihamishia kwenye barua pepe ya ofisi. Ningeweza kuishi vile kweli?" Akacheka peke yake.

"Kwa hiyo Alhamisi hukupata hata moja."

"Hata moja. Mimi nilijua jioni, kama wengine. Inspekta, naheshimu kazi yako, lakini kumbukumbu haidanganyi. Jina si liko pale? Huyu mama ana watoto wadogo, halali, alichanganya namba. Nimesikitika, nimeandika barua ya kumwombea."

"Umemwombea."

"Ni binadamu mwenzangu."

Shangazi alisugua macho. Saa ya ukutani ilisema saa saba kasoro dakika tano. Alimgeukia Kimya, ambaye tangu mkuu wake aingie alikuwa ameinamisha kichwa, akipangusa kibodi kwa kidole.

"Mwanangu, mtoe Mama Pacha humo."

"Afande?"

"Funga kikao chake. Amekaa siku kumi na tatu, inatosha. Halafu uingie wewe, kwa jina lako."

"Hakuna haja," alisema Mhandisi, na kwa mara ya kwanza sauti ilipanda. "Hiki ni kifaa cha hospitali, hamuwezi kuchezea—"

"Nachezea nini? Fundi wa zamu anaingia kazini." Shangazi hakumtazama. "Ingia, Kimya."

Kimya alivuta kibodi. Halafu akaandika neno moja, fupi, akabonyeza. Kioo kikasafika, kikauliza jina. Aliandika lake, herufi moja moja, akaandika nywila, akakosea, akaandika tena. Ndani ya koti la kijivu jogoo akawika.

Ulikuwa mlio wa jogoo haswa, wa sauti ya juu, ule wa kuamsha mtaa. Mhandisi akashika mfuko kwa mkono wote. Jogoo akawika mara ya pili.

"Moja ni ya nywila iliyokosewa," alisema Kimya kwa sauti ndogo. "Ya pili ni mimi nimeingia."

"Lete simu," alisema Shangazi.

"Hii ni—"

"Lete, baba. Magoti yananiuma, usinisimamishe."

Akaipokea. Za Alhamisi zilikuwa zote pale, hakufuta hata moja, maana mtu aliyezoea kelele haoni haja ya kuzifuta. Arobaini na mbili, zikifuatana kama siafu. Chini ya hizo, saa nne na dakika kumi na tano, simu aliyopiga yeye mwenyewe akiwa kikaoni. Ilidumu sekunde kumi na moja. Aliyepigiwa hakuandikwa kwa jina bali kwa neno *Zamu*.

"Sekunde kumi na moja," alisema Shangazi. "Ulisema nini?"

Mhandisi alitazama mlango, akatazama ndoo. Tabasamu lilikuwa limeondoka na kumwacha mzee kuliko alivyoingia.

"Nilisema anyamazishe tahadhari! Anyamazishe! Sikusema azime waya. Nani aliyesema azime waya?"

"Ulimwambia nani?"

Mhandisi alifunga kifungo cha koti. Shangazi alikuwa ameshajua, tangu kwenye simu ya zamu, na labda tangu kwenye maziwa. Lakini alisubiri, kwa sababu kuna mambo mtu akiyasema mwenyewe yanampunguzia, na akisemewa yanamwongezea.

"Mimi," alisema Kimya.

Akageuza kiti kuwatazama.

"Alisema: zima hiyo kumi na tisa, imenitoboa masikio. Nikaitazama, haina kibandiko. Nikadhani ni televisheni ya mapokezi. Orodha iko kwenye droo, Afande, hii hapa, ningeifungua ningeona. Sikuifungua. Nikazima. Sikwenda kunywa chai. Nilikuwa hapa nilipo." Maneno mengi namna hiyo Shangazi hakuwahi kuyasikia kutoka kwake. "Usiku nilipojua, nilimfuata. Akaniambia, kumbukumbu imeshasema ni nani, wewe una nini cha kuongeza? Nikarudi nyumbani. Kila siku nikawa najiambia afande akija nitamwambia. Ukija, ulimi unakauka. Nikaomba uulize alipoingia. Nikajua ukiuliza hilo tu, litafunguka lenyewe."

"Siku tatu, Kimya. Mwenzako analala sakafuni siku tatu."

"Najua."

"Hujui," alisema Shangazi, na kwa kuwa alikuwa amechoka, alilisema bila ukali wowote. Angependa kumchukia. Ingekuwa kazi rahisi zaidi.

Aliwaita askari wawili waliokuwa chini, akamwambia Mhandisi akae hapo alipo, kwenye boksi. Kisha akampigia mwendesha mashtaka. Ilikuwa saa saba na dakika ishirini.

"Usimpandishe. Nasema usimpandishe. Ndiyo, ninao wengine, wawili. Nitaandika, nitaandika, lini nimekosa kuandika? Mpe simu huyo mama."

Kulikuwa na kelele za mlango wa chuma, viatu, mtu akiitwa. Chumba cha swichi kilikuwa kidogo na simu ya Shangazi ilikuwa ya kizee, ya kusikika na kila aliyekuwepo.

"Shangazi? Wanasema sipandi gari."

"Hupandi. Unakwenda nyumbani. Kusanya vitu vyako."

Mama Pacha alilia, kile kilio cha mtu aliyekuwa amekizuia kwa siku kadhaa, na Shangazi akasubiri, akitazama gundi ya namba kumi na tisa. Chini kwenye benchi kulikuwa na fundi viatu wa kuambiwa, na kumwambia nako kulikuwa kazi yake.

"Nani alikuwa kwenye kiti, Shangazi?"

"Tutaongea."

"Sawa. Basi kama Kimya yuko hapo, mwambie ahsante. Mama alikuja kuniona jana, akasema kaleta maziwa na dawa ya kikohozi juu yake. Mwambie wanangu sitawaficha, nitawaambia wana mjomba."

Shangazi alimtazama Kimya. Alikuwa amesikia kila neno.

"Yuko hapa," alisema Shangazi. "Ana neno la kukwambia."

Akamnyooshea simu. Kimya aliipokea kwa mikono miwili.

"Dada," alisema. "Kwenye kiti nilikuwa mimi."

Upande wa pili hakukuwa na kilio wala tusi. Kiyoyozi kiliendelea kudondosha. Hata Mhandisi aliinua kichwa. Kisha sauti ya Mama Pacha ikasikika, ndogo, iliyochoka kuliko yao wote, ikiuliza kama maziwa ya leo watoto wameshapelekewa.

"Bado," alisema Kimya.